Foleni ya Katavi Haiko Mlangoni

Yapo mahali duniani ambapo fedha peke yake haimfikishi mtu. Chukua wale gorila wa milimani wa Bwindi, kwa majirani zetu wa Uganda. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1991, wageni wakaanza kupelekwa msituni mwaka 1993, na utaratibu ni kwamba kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja tu. Kwa hiyo kibali hutafutwa miezi mingi kabla ya safari. Rwanda nayo mwaka 2017 ilipandisha bei ya kibali chake kutoka dola 750 hadi 1,500, na wageni hawakukoma. Uhaba huo umepangwa kwa makusudi, nao una sababu: mafua ya mtu mmoja yanaweza kuua kundi zima la wanyama.

Sasa tuje kwetu, Katavi. Hifadhi hii ya Taifa ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Wakati wa kiangazi, Mto Katuma unapokauka, viboko husongamana kwa mamia katika madimbwi machache yaliyobaki, wamelaliana migongo, wakipigania tope. Ni kitu ambacho mtu hasahau. Hata hivyo, katika mwaka wa 2012/13 watalii wa nje walioingia Katavi walizidi 1,500 kidogo tu, wakati hifadhi zote za taifa zilipokea watu kama 900,000. Pale Sitalike, yalipo makao makuu ya hifadhi, hakuna anayerudishwa eti nafasi zimejaa.

Lakini kwa Mtanzania wa kawaida, tiketi ya kumfikisha Katavi ilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa tiketi ngumu kupatikana katika nchi hii. Nazungumzia tiketi ya treni ya Mpanda.

Ili kuelewa jambo hilo yatupasa turudi kwenye miaka ya 1940. Reli ya Kati ilikwisha fika Kigoma tangu mwaka 1914, ikaliacha eneo lote la Mpanda mbali kusini. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na kufikia mwaka 1950 lilikuwa tayari linafanya kazi. Halikujengwa ili mtu akamsalimie shangazi yake. Lilijengwa ili kuchukua madini ya risasi kutoka mgodi wa kampuni ya Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na mji wa Mpanda ukabaki, na watu wakaendelea kuongezeka, wakiwemo wakimbizi kutoka Burundi waliopewa makazi Katumba baada ya mauaji ya mwaka 1972. Barabara nazo zilikuwa za vumbi, na masika zikawa za tope. Basi njia iliyochorwa kwa hesabu ya tani ikageuka kuwa mlango pekee wa uhakika wa watu wote wale.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Karakana kuu za reli zilikuwa Nairobi, nasi tukaanza Shirika la Reli letu tukiwa na upungufu wa vipuri na, baada ya vita vya Kagera, bila fedha za kigeni za kuvinunulia. Treni ya Mpanda ikawa ya siku chache kwa juma, ikitoka Tabora na kukesha njiani. Aliyeikosa alisubiri. Wasafiri walitandika mikeka stesheni, wakapika, wakanyonyesha, wakafahamiana majina na watu waliokuja kuwapokea wengine.

Na hapo akaingia mlanguzi. Tiketi za zamani, kama wengi mnavyokumbuka, zilikuwa kadi ndogo ngumu zenye namba, zikipigwa tarehe kwa mashine. Zilibuniwa na Mwingereza aitwaye Thomas Edmondson katika miaka ya 1830, na shabaha yake ilikuwa kumbana karani asile nauli. Kwa kazi hiyo zilifaa sana. Ila kadi ile haikuwa na jina la mtu. Aliyeinunua asubuhi aliweza kuiuza jioni kwa bei aliyoipenda, na namba zote zikabaki sahihi vitabuni. Marehemu Edward Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi mwaka 1983, watu walikamatwa na sukari, khanga na sabuni. Tiketi haifichwi chini ya kitanda kwa magunia, inaingia mfukoni.

Nani aliumia? Mtalii hakuumia, maana yeye hushuka na ndege ndogo katika uwanja wa Ikuu, humo humo hifadhini. Aliyeumia ni mwalimu wa Tabora aliyetaka kuwapeleka wanafunzi wake wakaone viboko kabla hawajamaliza shule.

Kuna kituko kimoja hapa. Upande wa pili wa hifadhi, kusini-magharibi, katika nchi ya Wapimbwe, upo mji mdogo wa Majimoto, wenye jina la chemchemi zake za maji ya moto. Anayetoka Mpanda kwenda huko hupita Sitalike, akaikata hifadhi kwa barabara mpaka Kibaoni, ndipo aelekee Majimoto. Hivyo mfanyabiashara wa mpunga huwaona twiga na tembo kupitia dirisha la basi, magunia yakiwa juu ya paa, bila kuwaza ada ya kiingilio. Na kabla ya geti lolote, Wapimbwe na Wabende walikwenda kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, unaoaminika kukaliwa na mzimu wa mwindaji Katabi, wakaacha sadaka zao. Mzimu ule haujapata kumwambia mtu arudi kesho.

Siku hizi lami imefika Mpanda kutoka Tabora kupitia Koga, na dirisha la tiketi limepoteza ubabe wake. Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 huuza tiketi kwa simu. Mipango ya reli hiyo inalitaja tawi la Kaliua, Mpanda hadi Karema, ilikojengwa bandari kando ya Ziwa Tanganyika kwa ajili ya shehena za Kongo. Safari hii pia hesabu imeanza na tani. Inafaa wabunge wa Katavi waulize mapema, kabla reli haijatandazwa, mabehewa mangapi yatakuwa ya abiria, na yatapita siku ngapi kwa juma.