Hati ya Ukiri wa Mpangaji

Mtu anayeishi California akinunua nyumba ya kupangisha huko Cleveland bila kuikanyaga, amenunua mbuzi kwenye gunia. Na nyumba ikiwa na wapangaji, kuna jambo zito zaidi ya ukuta na paa. Kwa kawaida ya sheria za Marekani, mkataba wa pango haufi nyumba inapouzwa. Mnunuzi huurithi pamoja na kodi yake na muda wake na, katika majimbo mengi, pamoja na wajibu wa kurudisha dhamana aliyopokea mwenye nyumba wa zamani. Bati bovu mkaguzi ataliona, lakini mapatano hayapigiki picha.

Ndiyo sababu mnunuzi makini, kabla ya kulipa, hudai karatasi ambayo wanasheria huiita setifiketi ya estopeli. Humo mpangaji hueleza mkataba umeanza lini na unaisha lini, kodi ni kiasi gani na imelipwa hadi mwezi upi, dhamana ni kiasi gani, na kama aliahidiwa lolote kwa mdomo. Tuseme amesaini kwamba kodi ni dola 900 kwa mwezi. Mnunuzi akiiamini kauli hiyo na kununua, mpangaji hawezi kudai baadaye kwamba yeye na mwenye nyumba wa zamani walikwisha kupatana dola 700.

Neno estopeli lina asili ya Kifaransa cha kale, lenye maana ya kizibo. Mwanasheria Mwingereza Edward Coke alilifafanua mwaka 1628 hivi: tendo au ridhaa ya mtu mwenyewe humziba kinywa asiweze kudai hata ukweli.

Tuiiteje basi setifiketi hiyo kwa Kiswahili? “Cheti cha zuio” kingepotosha, kwani katika mambo ya ardhi zuio husimamisha uhamisho wa miliki, ilhali karatasi hii huufungulia njia. Cheti nacho hutolewa na mwenye mamlaka; hapa anayesema ni mpangaji. Napendekeza *hati ya ukiri wa mpangaji*, kwa kuwa anayekiri amejifunga kwa ulimi wake.

Jina hilo linamwonya mpangaji pia. Kama aliahidiwa kutengenezewa bomba, aiandike ahadi hiyo humo kabla ya kutia saini. Asipoiandika, huenda ikaondoka na mwenye nyumba aliyeitoa.