Daftari la Mfanyabiashara Mdogo wa Kenya

Mwaka 2024 Taasisi ya Wahasibu wa Kenya, ICPAK, ilitangaza mpango wa kuyataka makampuni ya nchi hiyo yatoe taarifa si za faida na hasara peke yake, bali pia za jinsi hali ya hewa na mazingira yanavyoathiri shughuli zao. Kwa mujibu wa mpango huo, makampuni yanayobeba dhamana ya umma, kama vile mabenki, yatafungwa na sharti hilo kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Makampuni mengine makubwa yatafuata mwaka 2028, na biashara ndogo na za kati mwaka 2029.

Kanuni zenyewe hazikutungwa Nairobi. Zilitolewa Juni 2023 na bodi ya kimataifa ambayo kuundwa kwake kulitangazwa mjini Glasgow, Novemba 2021. Miongoni mwa mambo zinazodai ni hesabu ya gesi chafu, si za kiwandani tu, bali hata za wale wanaokiuzia kiwanda malighafi. Kwa hiyo mwenye lori mbili au karakana ya maboksi ataulizwa na mteja wake mkubwa, hata kabla sheria haijamfikia yeye, ametumia dizeli kiasi gani na umeme kiasi gani.

Wakenya wamekwisha kuliona jambo la namna hii. Mwaka 1997 maduka makubwa ya Ulaya yalianzisha utaratibu wa kilimo bora ulioitwa EUREPGAP, na ilipofika mwaka 2005 mengi yao yalikuwa yakikataa mboga zisizokuwa na cheti chake. Mkulima wa maharage mabichi mwenye robo eka alitakiwa awe na stoo ya dawa yenye kufuli, choo na maji ya kunawa karibu na shamba, na daftari la kila siku aliyopiga dawa. Shamba kubwa liligawa gharama hizo juu ya tani nyingi. Yeye aligawa juu ya kreti chache. Wakulima wengi wadogo waliachwa na wanunuzi wao, si kwa kuwa maharage yao yalikuwa mabaya, bali kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha kwa maandishi kuwa yalikuwa mazuri.

Waliosalimika, kwa sehemu kubwa, ni wale waliojiunga katika vikundi. Walijenga stoo moja, wakamweka mwandishi mmoja wa kumbukumbu, na wakapata cheti kimoja kwa jina la wote. Mwaka 2007 Kenya nayo ikapata utaratibu wake, KenyaGAP, uliokubaliwa kuwa sawa na ule wa Ulaya. Lakini msaada huo uliwakuta wengine wamekwisha kung'oa maharage.

Hapo ndipo penye funzo. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa nchi ilikuwa na biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo ni milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Ni dhahiri kuwa biashara isiyo na leseni ni nadra kuwa na vitabu vya hesabu vilivyo kamili. Kumdai fundi wa jua kali hesabu ya gesi, hali hana hesabu ya mauzo, ni kumdai paa kabla ya msingi.

Hata hivyo msingi huo hauhitaji mtaalamu. Risiti za mafuta, ankara za umeme na maji, idadi ya wafanyakazi na ajali zilizowapata: mambo hayo yakiandikwa kila mwezi katika daftari la kawaida, nusu ya kazi imekwisha. Tena yatamwonyesha mwenye biashara mahali fedha yake inapovujia. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ulaya yenyewe, yenye wahasibu tele, iliahirisha baadhi ya masharti yake mwezi Aprili 2025 baada ya makampuni kulalamikia mzigo. Basi haitakuwa aibu kwa Kenya kumwandalia mfanyabiashara mdogo fomu fupi, kwa lugha anayoielewa, na kuwataka wanunuzi wakubwa wachangie gharama ya taarifa wanazozihitaji wao. Mkulima wa maharage aliletewa sharti kwanza, na mafunzo baadaye. Safari hii mafunzo hayana budi kutangulia.