Shule ya Bweni na Mwana wa Njinjo

Shule ya bweni ya Serikali ni mlezi, na kila mlezi sharti tumwulize: mwana huyu walea kwa ajili ya nani?

Wajerumani walifungua shule yao Tanga mwaka 1892, ili wapate makarani, walimu na maakida. Huku kwetu Kilwa, kuanzia Njinjo kwenye bonde la Matandu hata milima ya Matumbi, wazee wetu waliijua amri ya akida kabla ya kuijua faida ya kitabu. Julai 1905, kule Nandete, waliing'oa pamba ya kulazimishwa. Vita vya Maji Maji vikaanza. Waingereza nao, miaka ya 1920, waliwakusanya wana wa machifu katika shule ya Tabora, wafunzwe kutawala chini ya bendera ya kigeni.

Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitoa jibu jingine: shule iwe jumuiya, wanafunzi walime na washiriki kuamua mambo yao. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali. Mwana wa Njinjo akaweza kupelekwa mkoa wa mbali, akalala bweni moja na Mhaya na Mgogo, Kiswahili kikiwaunganisha.

Hata hivyo, bweni limtoalo mwana kijijini laweza kumsahaulisha kijiji. Basi uongozi wa shule tusiupime kwa kengele na viranja tu. Tuupime siku mhitimu arudipo Njinjo: amekuja ndugu, au amekuja akida?