GPS mbili, njia moja, umbali tofauti: nani mwongo?

Wiki hii sizungumzii bumu wala foleni ya kafeteria. Naomba tuongee habari za GPS, kile kifaa cha mkononi chenye vibonyezo kama simu ya zamani, ambacho watu wa jiografia na wapanda milima hutembea nacho shingoni. Swali langu ni moja tu. Watu wawili wakitembea njia moja, hatua kwa hatua, kila mmoja na kifaa chake, kwa nini mwishoni mmoja anasoma kilomita 11.4 na mwenzake 12.6? Nani mwongo?

Jibu ninalolisikia sana hapa kampasini ni "hiyo moja imekufa". Nimekaa na jambo hili wiki mbili, maktaba na mtandaoni, na nasema jibu hilo ni la uvivu. Karibu kila kituko cha kifaa hiki kina tarehe yake ya kuzaliwa, na ukiijua historia unajua cha kutupa na cha kutunza. Na kwetu sisi si mjadala wa kunywea chai tu, kuna kitu kinategemea jibu. Nitafika huko.

Ilianza na mlio

Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Kule Marekani, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wanafizikia wawili, William Guier na George Weiffenbach, wakawa wanausikiliza mlio wake redioni. Si unajua honi ya basi inavyobadilika sauti likikukaribia na likishakupita? Basi mlio wa Sputnik nao ulikuwa unabadilika hivyo hivyo, na kwa mabadiliko hayo wakaweza kukokotoa setilaiti inapita wapi. Mwaka 1958 mkubwa wao wa kazi, Frank McClure, akaligeuza swali: kama mtu aliye chini anaweza kujua setilaiti ilipo, basi akijua setilaiti ilipo anaweza kujua yeye mwenyewe yuko wapi. Hapo ndipo lilipotoka wazo la Transit, mfumo wa kuongoza nyambizi za Marekani, ulioanza kazi 1964.

GPS yenyewe iliidhinishwa 1973, na setilaiti yake ya kwanza ikaruka Februari 1978. Hii haifuati mlio, inafuata saa. Kila setilaiti iko juu kilomita kama 20,200, ina saa ya atomu, na kazi yake ni kutangaza: sasa ni saa fulani, nami niko mahali fulani. Kifaa chako kinaangalia ujumbe umechelewa kiasi gani, kinazidisha kwa kasi ya mwanga, kinapata umbali hadi kwenye setilaiti. Kikipata setilaiti nne kinakwambia uko wapi. Hesabu ni nyeti kweli kweli, maana ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umeshakosea mita 300.

Sasa shika neno hili, ndilo msingi wa yote yanayofuata: kifaa hakihesabu hatua zako. Kinajua nukta tu. Uko hapa, sasa uko hapa, sasa uko pale. Umbali unaousoma kwenye skrini ni hesabu ya kuunga nukta hizo kwa mistari iliyonyooka. Nukta zikiwa mbovu, umbali ni mbovu. Nukta zikiwa chache mno, mbovu. Zikiwa nyingi mno, mbovu vilevile!

Kosa lililowekwa kwa makusudi

GPS ilikuwa mali ya jeshi. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotea njia ikaingia anga ya Wasovieti. Ikadunguliwa karibu na kisiwa cha Sakhalin, wakafa watu wote 269. Mwezi huohuo serikali ya Rais Reagan ikatangaza kwamba mfumo ukikamilika, raia wa nchi zote watautumia bure. Kwa hiyo kifaa unachokitumia kutafuta njia ya mlimani kina makaburi nyuma yake.

Lakini walipotoa kwa mkono mmoja, wakazuia kwa mwingine. Kuanzia 1990 mawimbi ya raia yaliharibiwa kidogo kwa makusudi, saa za setilaiti zikayumbishwa, ili adui asipate usahihi uleule wa jeshi. Raia akawa anaweza kukosea hadi mita 100 hivi. Kichekesho ni kwamba wakati wa vita ya Ghuba wanajeshi wenyewe wa Marekani walikosa vifaa vya kijeshi vya kutosha, wakawa wanatumia vya raia, ikabidi uharibifu ule uzimwe kwa muda!

Fikiria maana yake kwa mtembea kwa miguu wa miaka ya 1990. Umekaa chini ya mti unakula mhogo wako, hujasogea hata hatua moja, na nukta yako kwenye skrini inazurura mita makumi kwa makumi, na kifaa kinajumlisha. Ukiinuka unaambiwa umeshatembea mwendo mrefu. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinadanganywa kutoka juu.

Tarehe 1 Mei 2000 Rais Clinton akatangaza kwamba uharibifu ule unazimwa usiku huo, na ukazimwa. Makosa yakashuka kutoka kama mita 100 hadi kama 10 au 20 kwa usiku mmoja, bila mtu kununua kifaa kipya. Tarehe 3 Mei Dave Ulmer, wa jimbo la Oregon, akaficha ndoo porini, akatangaza mtandaoni latitudo na longitudo yake, akawaambia watu waitafute. Wakaipata. Mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa GPS ulianzia hapo. Siku tatu kabla asingethubutu, watu wangechimba kijiji kizima.

Msitu ulivyogeuza makosa

Kifaa cha kwanza cha mkononi kilichouzwa kwa raia, Magellan NAV 1000, kilitoka 1989 kwa bei ya karibu dola 3,000. Vifaa vya enzi ile vilizisikiliza setilaiti kwa zamu, moja baada ya nyingine. Baadaye, miaka ya 1990, vikaja vya kusikiliza 12 kwa pamoja. Hata hivyo masikio yao yalikuwa mazito. Ukiingia kwenye msitu mnene mawimbi yanakatika, ukitoka upande wa pili yanarudi, na kifaa kinaunga sehemu mbili hizo kwa mstari mmoja ulionyooka. Kona zote za msituni zimepotea, kwa hiyo umbali unakuwa MFUPI kuliko ukweli.

Katikati ya miaka ya 2000 zikaja chipu zenye masikio makali, kama SiRFstar III. Sasa kifaa kinasikia hata chini ya majani. Raha tupu? Siyo kabisa, maana kinasikia pia mawimbi yaliyogonga mwamba au ukuta kwanza ndipo yakaja. Nukta zinaruka kushoto na kulia, mstari unakuwa kama mwendo wa mlevi, na umbali unakuwa MREFU kuliko ukweli. Mnaona mambo hayo? Cha zamani kinapunguza, kipya kinaongeza, na wote wawili mmepita njia moja.

Tupige hesabu, msikimbie. Chukua kilomita moja iliyonyooka. Kifaa kinaweka nukta kila mita 10, ila moja iko mita 3 kushoto kwa njia na inayofuata mita 3 kulia. Kwa Pythagoras wetu wa sekondari, kila kipande kinakuwa mita 11.66 badala ya 10, na kilomita yako imekuwa 1.166. Sasa weka nukta kila mita 100, kosa likiwa lilelile: unapata kilomita 1.002 tu. Tumepona? Kwenye barabara iliyonyooka, ndiyo. Kwenye njia ya mlima inayojipinda kama nyoka, nukta za mita 100 zinakata kona zote na umbali unapungua. Ni kama kupima pwani kwa rula: rula ndefu inaruka vighuba, rula fupi inaviingia vyote. Hakuna mpangilio usio na lawama, kuna wa kuchagua kulingana na njia.

Ndiyo maana hata kifaa kimoja kinaweza kukupa namba mbili. Vifaa vingi vina ukurasa wa safari unaojumlisha mwendo kila wakati, na pembeni vina kumbukumbu ya njia inayohifadhi baadhi tu ya nukta. Ukizilinganisha hazilingani. Hazikutakiwa kulingana.

Mita 300 za mkoloni

Kituko kingine kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Unasoma nukta ya kilele kwenye ramani ya zamani ya 1:50,000, unaiingiza kwenye GPS, unaifuata, unafika... hakuna kilele! Kiko pale, kama mita 300 pembeni.

Chanzo chake ni cha karne ya 19. Mwanaastronomia David Gill, aliyekuwa Cape Town, alitaka mnyororo wa vipimo vya ardhi kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kwa kufuata longitudo ya digrii 30 mashariki, ambayo huku kwetu inapita upande wa Ziwa Tanganyika. Kazi ilichukua miongo na miongo, pengo la mwisho likazibwa 1954. Kutokana na vipimo hivyo ukapatikana msingi wa ramani unaoitwa Arc 1960, na ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zimechorwa juu yake. GPS inatumia msingi mwingine, WGS 84. Nukta ileile ya ardhi ina namba tofauti katika misingi hiyo miwili, na kwetu tofauti ni takriban mita 300. Kwenye ramani ya 1:50,000 hiyo ni milimita 6, mwanafunzi yeyote ataiona. Dawa yake: ingia kwenye menyu ya mipangilio, tafuta Arc 1960 katika orodha, chagua. Ukimaliza na ramani hiyo, rudisha.

Sasa, masanduku mawili

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kuna mahali, sitapataja, pana masanduku mawili ya GPS za mkononi za zamani. Ziko kwenye orodha ya vitu vya kutupwa. Sababu iliyoandikwa: "zinaonyesha tarehe isiyo sahihi na umbali usioaminika."

Tarehe kwanza. GPS huhesabu wiki tangu tarehe 6 Januari 1980, na waliopanga ujumbe wake waliipa namba ya wiki nafasi ya tarakimu 10 za kompyuta. Hiyo inatosha wiki 1,024 tu, kama miaka 19 na nusu, halafu inarudi sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Kifaa cha zamani kisichopata programu mpya kinajikuta miaka karibu 20 nyuma. Tarehe si sahihi, lakini mahali kinapokuonyesha ni pale pale ulipo. Mtu hatupwi kwa kuwa kalenda yake ya ukutani ni ya zamani!

Umbali je? Tuliomba vitatu, mimi na wenzangu wawili. Tulivilaza nje uwanjani kwanza, maana kifaa kilicholala kabatini miaka kinahitaji kupakua ratiba ya setilaiti zote, na ratiba hiyo nzima hutangazwa kwa dakika 12 na nusu. Anayekiwasha akasubiri dakika mbili na kusema "hakishiki" hajakitendea haki. Halafu tukapima mita 100 kwa utepe uwanja wa mpira, tukatembea mara kumi kwenda na kurudi. Vikasoma mita 985, 1,020 na 1,040. Kwa kufundishia kidato cha pili, mnataka nini zaidi?

Wengi wetu mwakani tuko kwenye mazoezi ya kufundisha, na tutapangiwa shule ambazo mada ya usomaji ramani inafundishwa kwa ubao na chaki tu. Darasa lenye GPS tatu "mbovu" linaweza kujifunza kitu ambacho simu ya bei mbaya inakificha: kwamba kipimo ni hesabu, na kila hesabu ina mtu aliyeamua ipigwe vipi. Wape wanafunzi vifaa viwili, njia moja, namba mbili, halafu uliza swali lile lile: nani mwongo? Hilo ni somo la jiografia, hisabati na historia kwa kipindi kimoja.

Tumeandika barua ya kuomba masanduku yale yagawiwe shule badala ya kutupwa. Kufikia leo haijajibiwa. Anayetaka kuongeza jina lake kwenye barua ya pili anajua hosteli ninayokaa, na aje kabla ya Ijumaa.

Haya, semina ya kesho sijaisoma. Alamsiki.