Tovuti na Vita vya Kuwa Juu

Kabla ya 1998, mitambo ya kutafuta kama AltaVista ilipima ukurasa hasa kwa maneno yaliyomo. Wajanja wakarudiarudia neno moja, kwa maandishi meupe juu ya weupe, msomaji asiyaone.

Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, wakaja na kipimo kingine, msingi wa Google: nani anaelekeza watu kwako? Kila kiungo kikawa kama kura. Kura nazo, bila shaka, zikaanza kununuliwa.

Mwaka 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo yake. Roboti ya Google inayosoma tovuti ilionyeshwa kurasa zilizojaa maneno, msomaji akapelekwa kwingine. Kurasa hizo zilipoondolewa, tovuti ilirudishwa upesi. Mfanyabiashara mdogo huenda asingebahatika hivyo.

Aprili 2015 kurasa zisizosomeka vizuri kwenye simu zikaanza kushushwa na Google kwa wanaotafuta kwa simu. Na ili usipoteze kura ulizokwisha kupata, ukihamisha tovuti, elekeza anwani ya zamani kwenye mpya.