Kitoweo Kabla ya Sahani: Lishe ya Watoto na Soko la Samaki Kusini mwa Kwale

Mama wa Msambweni ukimwamsha usiku wa manane atakutajia makundi matatu ya chakula bila kukosea: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Kliniki imemfunza, na amefunzika. Nami nimeketi kwenye mabenchi hayo na mtoto mapajani, nikasikiliza mafunzo yale yale mwaka baada ya mwaka, wala sijapata kumsikia anayefunza akiuliza fungu la samaki linauzwaje wiki hiyo. Hoja ya makala hii inaanzia kwenye swali hilo lisiloulizwa. Mawaidha ya lishe hukitazama chakula kikishafika sahanini, ilhali kusini mwa Kwale mengi huwa yameamuliwa zamani: dikoni, msimuni, na hata katika udongo ambao mtoto anauchezea pekupeku.

Tuanze dikoni. Mashua zikirudi, iwe Gazi, iwe Mwaepe pale Diani, samaki hutengana njia papo hapo mchangani. Pweza, kamba, kolekole na changu wakubwa huchukuliwa na tajiri, ambaye mara nyingi ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu au mafuta ya mashine, kwa hiyo bei haijadiliwi sana. Hao huelekea hotelini na Mombasa. Mvuvi hutoa kitoweo cha kwake nyumbani. Tafi wadogo, pono na simu ndio humwangukia mama karanga, naye huwakaanga kando ya njia na kuwauza mmoja mmoja ifikapo magharibi. Wateja wake ni watu wasio na jokofu, wasio na pesa za kilo nzima, na ambao wametoka kazini saa ambayo kuwasha jiko ni adhabu. Kwa nyumba nyingi za hapa, protini ya mtoto ni yule tafi mmoja aliyegawanywa mara tatu. Simu naye huliwa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo ina kalsiamu ambayo mabango ya kliniki huitafuta katika bilauri ya maziwa.

Kwa hivyo mama karanga ni taasisi ya lishe, ingawa hakuna daftari la afya linalomtaja hivyo. Kutotajwa huko kuna gharama: tazama suala la juya, ule wavu wa kuburuta. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, na kwa sababu nzuri: huburuta makinda na wazazi wao pamoja, na kuvuruga nyasi za bahari wanamokulia. Siwatetei wavuvi wa juya. Ila samaki wadogo wa bei nafuu walitoka humo kwa wingi, na mjadala wake kwa kawaida huendeshwa kwa lugha ya matumbawe na mapato. Mtoto wa miaka miwili anayeishi nusu kilomita kutoka baharini hatajwi, wala hafidiwi kwa kitoweo kingine.

Msimu nao una ukatili wake. Upepo wa kusi ukishika, bahari huchafuka na mitumbwi mingi haivuki mwamba. Miezi hiyo hiyo, kuanzia Aprili, wageni hupungua Diani na vibarua wa hoteli hurudishwa nyumbani. Samaki hupanda bei mshahara unapokatika. Kinachookoa ni masika: mvua ikinyesha, mchunga na mnavu huota bila kupandwa na mtu, na kunde za shambani huwa na majani mateke. Mchunga ni mchungu kweli, lakini ukitiwa tui la nazi na kuliwa kwa sima hauna mpinzani. Shida ni kwamba watoto waliokulia Ukunda wanauona kuwa mboga ya wasio na kitu, na bango la kliniki, lililochorwa karoti na tufaha, haliwakosoi.

Hata chakula kikipatikana na kuliwa, kuna wanaokula pamoja na mtoto. Wazee waliita safura ule weupe wa macho na uchovu usiokwisha, na jina hilo hilo ndilo la minyoo inayompata mtoto pekupeku udongoni na kumnyonya damu utumboni. Kwale imechunguzwa kwa undani katika jambo hili. Utafiti wa TUMIKIA, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha kuwapa dawa watoto shuleni tu na kuwapa watu wote kijijini. Baada ya miaka miwili, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 palipotibiwa watoto wa shule peke yao. Palipotibiwa kila mtu mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka 20.6 hadi 6.2. Mzazi aliyekuwa akilaumiwa kwa damu ndogo ya mwanawe huenda alimlisha ipasavyo. Minyoo huenda ilitoka kwa watu wazima ambao hakuna aliyewapa dawa.

Nitaambiwa kwamba ninamwondolea mzazi wajibu wake. La. Chai ya sukari vijiko vinne na mahamri si kiamshakinywa cha mtoto kila siku, soda si zawadi ya kila Ijumaa, na mafuta ya mama karanga yaliyokwisha kuwa meusi yanastahili kumwagwa. Elimu ina kazi hapo. Lakini elimu imepewa kazi yote. Udumavu nchini ulishuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, na bado jirani zetu Kilifi, wenye bahari na hoteli kama sisi, walikuwa na 37. Ni vigumu kuamini kwamba mama wa Kilifi ni wazito wa kuelewa kuliko wenzao.

Katiba ya 2010 iliweka huduma za afya na uvuvi wa eneo chini ya serikali moja ya kaunti. Pamoja na hayo, kadi za uzito wa watoto zinakaa kwa watu wa afya, na hesabu za samaki wanaoshushwa dikoni kwa watu wa uvuvi. Zikiwekwa juu ya meza moja, mwezi kwa mwezi, kusi kwa kaskazi, na mama karanga akaitwa aeleze fungu lake limepungua lini na kwa nini, muuguzi atakuwa na swali jipya la kumuuliza mama aliyeketi benchini.