Barabara Iliyoitwa Mpaka

Katika ramani za zamani za Elisabethville, barabara moja ilitajwa kwa kazi yake tu: Avenue Limite Sud, yaani mpaka wa kusini. Mji wa Wazungu uliishia hapo.

Mji huo, Lubumbashi ya leo, ulipimwa 1910 chini ya Emile Wangermée, mitaa ikinyooka kama imepigwa rula. Septemba mwaka huohuo treni ya kwanza iliingia ikitokea kusini. Mtaa wa kujionyesha ulikuwa Avenue de l'Étoile, wenye jina moja na mgodi ambao wenyeji waliujua kama Kalukuluku. Huko ndiko wapiga picha za postikadi walikosimamisha kamera zao.

Biashara ya watu weusi ilikuwa mpakani. Wagiriki, Wareno, Waitalia na Wayahudi, wengi wao kutoka kisiwa cha Rhodes, walifungua maduka Limite Sud na kumuuzia mfanyakazi wa mgodini nguo na blanketi. Wakubwa wa serikali waliwaona wachuuzi hao kuwa Wazungu wa daraja la pili.

Miaka ya 1920 mpaka wa barabara ukaonekana haufai tena. Makazi ya Waafrika yakasogezwa mbali, cité mpya ikapewa jina la Mfalme Albert (ndiyo Kamalondo ya leo), na katikati ukaachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, *zone neutre*. Sababu iliyotolewa ilikuwa malaria: eti mbu wa cité asifike kwa bwana. Ajabu ni kwamba boyi na mpishi waliuvuka ukanda huo kila alfajiri, wakaingia hadi chumbani kwa bwana huyohuyo.

Waliyoyaona hayakupotea. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, alitunga historia ya mji kwa Kiswahili cha hapohapo.

Kabla ya hapo mpaka mwingine ulikuwa umechorwa. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alitangaza kulitenga jimbo hilo na Kongo, na Elisabethville ukawa mji mkuu wa nchi isiyotambuliwa na dola yoyote. Bunge lake lilikaa katika jumba la tamthilia lililofunguliwa 1956. Katanga hiyo ilikufa Januari 1963. Jumba likabaki, na leo linaitwa Bâtiment du 30 Juin, kwa tarehe ya uhuru wa Kongo ileile iliyokimbiwa.

Jina Elisabethville lilifutwa 1966. Mtu wa Kamalondo anayetoka kwenda kununua kitu katikati ya mji bado huaga: "Niko naenda ku ville."